Nesi wa Itiryo na Gari la Silinda Nane

Nesi hakupenda mtu aegemee gari lake. Ungeweza kuegemea ukuta wa zahanati, ungeweza hata kuegemea mlango wa chumba chake cha sindano ukammiminia shida zako zote, akakusikiliza mpaka mwisho. Lakini ukiweka kiwiko juu ya boneti, alikohoa mara moja tu, na mtu mzima mwenye wake na ng'ombe alisimama wima kama mwanafunzi mstarini. Baba yangu aliwahi kukoholewa. Alirudi nyumbani anacheka kwa aibu, akamwambia mama, "Yule angezaliwa mwanaume tungekuwa na chifu."

Jina alikuwa nalo, maana lilisomwa kanisani siku za michango, lakini sisi watu wa Itiryo tulimwita Nesi. Alistaafu, zahanati ikaletewa vijana wenye vyeti vipya, na hao tuliwaita wauguzi. Nesi akabaki mmoja.

Gari lenyewe sharti nilieleze, kwa sababu ukilitoa katika habari za Nesi unabaki na nusu yake. Lilikuwa gari la Kimarekani, la zamani, milango miwili tu, usukani kushoto. Mbele lilikuwa refu kuliko nyuma, limeinama kidogo kama dume linalojiandaa kupigana. Injini yake ilikuwa ya silinda nane, na likiwashwa zahanatini, sisi tuliokuwa tunachota maji mtoni tulijua Nesi anatoka. Rangi yake ilikuwa kijani cha jani la mgomba, ingawa kadiri miaka ilivyokwenda jua liliila ikafifia. Gari la namna hiyo halikuwa na kazi yoyote kwetu. Lilikuwa chini mno. Jiwe ambalo trekta halilioni, lenyewe lililipanda kwa tumbo.

Lilikuja na Mmarekani mmoja mtafiti wa madini, aliyekuwa akizunguka vilima vyetu na nyundo na mifuko ya udongo. Kwa kazi alikuwa na gari jingine, la kupanda milima. Hili la kijani alilipenda tu, akalileta kutoka Nairobi kama mtu anayesafiri na paka wake. Alipougua malaria kali, Nesi ndiye aliyemtundikia dripu. Alipoamua kurudi kwao, hakupata mtu wa kulichukua. Wafanyabiashara wa Tarime walilizunguka, wakauliza linakunywa mafuta kiasi gani, wakamuaga kwa heshima. Nesi alimuuliza swali moja.

"Litafika Tarime na kurudi?"

Yule bwana akasema litafika. Nesi akauza ng'ombe wake wote, akalichukua.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na hayakuisha hadi leo. Mume wa Nesi alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto. Kwetu Wakurya, mjane asiye na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, wakabeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Si siri wala si ajabu, na wapo majirani zetu waliolelewa hivyo wakalelewa vizuri. Ng'ombe wa Nesi, ingawa aliwanunua mmoja mmoja kwa mshahara wake, ukoo mzima ulijua ni wa kazi hiyo. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameshamtazamia hata msichana.

Mama alikuwepo siku shemeji alipokuja juu. Alisimama uani, fimbo mkononi, akasema, "Ng'ombe wa kuleta mke umenunulia bati?"

Nesi alikuwa anaosha kioo. Akasema, "Karibu uketi, shemeji. Uji upo."

"Sikuja kunywa uji. Kaka yangu atafutika jina kwa sababu ya bati!"

"Kaka yako namkumbuka kila siku. Wewe unamkumbuka ukiona ng'ombe."

Shemeji akatema mate, akaondoka. Walikaa miaka hawasalimiani, ila akiumwa jino alimtuma mtu kwa Nesi kuchukua dawa, na Nesi akampa.

Kwa nini alilinunua? Hapo kila mtu ana jibu lake kwa sababu Nesi mwenyewe alitoa majibu mengi. Mchungaji aliambiwa ni kwa ajili ya kupeleka wajawazito hospitali. Mganga mkuu aliambiwa lilikuwa rahisi. Mama yangu, aliyekuwa rafiki yake wa kweli, aliambiwa neno jingine siku wanachambua maharage. "Sufuria yangu wanaazima. Jembe wanaazima. Chumvi, mwavuli, hata kitanda changu wakipata wageni. Nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna mtu anayeweza kuniazima."

Mama alilirudia jibu hilo mara nyingi, na kila aliporudia alitikisa kichwa. Maana hakuna kitu kilichoombwa Itiryo kama lile gari.

Aliyekuwa na uchungu wa kuzaa aliliomba. Aliyeng'atwa na nyoka aliliomba. Walioumizana mapanga kwa sababu ya mifugo waliletwa, mmoja akalazwa kiti cha nyuma, mwenzake akakalishwa kiti cha mbele, wote wawili wakapelekwa Tarime wakisemwa njia nzima. Nesi alilalamika kila safari. Alilalamika anatafuta funguo, alilalamika anafungua mlango, na alikuwa bado analalamika walipofika hospitali. Lakini sijasikia mtu aliyenyimwa.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa humo. Ilikuwa masika, barabara imekuwa uji, gari likazama bondeni na mama hawezi kusubiri. Nesi akaruka akafungua nailoni aliyokuwa ameiweka kwa kazi hiyo, akaitandika huku anafoka, "Inua mguu! Inua, usinichafulie kiti!" Mama anasema alicheka katikati ya uchungu, na katika kile kicheko mtoto akatoka. Wanaume waliokuwa wanasukuma gari wakaambiwa wageuke watazame mlimani. Baba alipotaka kumpa Nesi mbuzi wa shukrani, alikataa, akamkabidhi ndoo na sabuni. "Mbuzi mpe mkeo ale. Wewe njoo uoshe kiti."

Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani alikuwa mama mpole wa kusifiwa kwenye misiba. Hakuwa. Alikuwa na ulimi wa kuchubua ngozi. Wajawazito waliochelewa kuja kliniki aliwasema mbele ya mama wakwe zao. Alichukia methali. Mtu akianza "wahenga walisema," alimkatiza, "Wewe unasemaje?" Alikuwa na majivuno pia. Jumapili alivaa miwani ya jua na kitambaa chekundu kichwani, akalipeleka gari kanisani polepole mno, kwa mwendo wa jeneza, ili kila nyumba iwe na nafasi ya kutoka kutazama, wakati kanisa liko jirani na zahanati na angeweza kutembea kabla chai haijapoa.

Lakini akishika lami ya kwenda Sirari, alikuwa mtu mwingine. Nilijionea mwenyewe nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza. Baba alikuwa amesafiri kwenda mnadani, ikabidi Nesi anipeleke kununua sanduku la chuma. Tulipotoka kwenye changarawe akafunga vizuri kitambaa chake, akaniambia, "Robi, shika hapo, na usipige kelele." Sikupiga kelele kwa sababu sauti haikutoka. Migomba na mashamba ya mahindi yakawa ukuta mmoja wa kijani. Nesi alikuwa ametulia kama mtu anayesali.

Askari wa barabarani akatusimamisha. Akaja na hasira zake upande wa kulia, upande wa dereva wa magari yote aliyoyazoea, akainama dirishani akanikuta mimi, msichana mwembamba na sare mpya mapajani.

"Leseni!" akasema.

Nikamtazama. Akanitazama. Nesi, kutoka upande wa pili, akasema kwa upole, "Afande, huyo anakwenda shule. Mwenye usukani ni mimi."

Askari akalizunguka gari lote, na alipofika upande wa pili hasira ilikuwa imekwisha njiani. Akauliza kama anaweza kuona injini. Nesi akafungua boneti, wakasimama pale wawili wakiitazama kama watu wanaotazama mtoto aliyelala. Tuliondoka bila faini.

Pale Tarime alikuwepo fundi, Msukuma aliyekuja kufuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, akafungua gereji. Huyo ndiye aliyelishughulikia gari miaka yote, na miaka yote walibishana jambo lile lile. Fundi alitaka kung'oa injini na kuweka ndogo ya Kijapani, kama wenye magari ya zamani wote walivyofanya huku kwetu.

"Mama, hii inakunywa kama mlevi," alisema. "Nikuwekee ndogo, utapumua."

"Wewe ukitolewa moyo ukawekewa wa mbuzi, mkeo atakupokea?"

"Mbuzi halewi, mama. Atafurahi."

Nesi alicheka, lakini hakukubali. Hakukubali injini, hakukubali lipakwe rangi upya, hakukubali viti vivishwe kitambaa kipya. Kuhusu rangi na viti nadhani ilikuwa ubahili tu. Kuhusu injini sijui. Alisema aliyelitengeneza alikuwa na akili zake, na yeye si wa kuzikosoa. Watu walisema Nesi ni mbishi, anachoma pensheni yake kwa petroli. Walisema kweli. Baadaye, alipozeeka na petroli ikapanda, likawa linakaa tu kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Jumamosi aliliwasha, likanguruma kidogo, akalizima, akafunga mlango wa banda.

Wa kwanza kuja kulitaka alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Alilipima kwa macho, akataja bei ambayo ingetosha kununua ndama. Nesi akamwonyesha njia. Baada ya muda akaja mtu wa Musoma mwenye biashara ya kukodisha magari ya harusi, akataja bei ya pikipiki mpya. Naye akaonyeshwa njia. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nafundisha sekondari huku Issenye, na kila likizo nikienda nyumbani nilikuta habari za mnunuzi mwingine, na bei nyingine juu ya ile ya kwanza. Kuna mtu alilipiga picha akaiweka mtandaoni, basi. Wakaja kutoka Mwanza, wakaja kutoka Arusha. Ilifika bei ya nyumba ya matofali na bati lake. Itiryo nzima ikaanza kulitazama lile banda kwa jicho jingine. Bati lile lile walilolicheka, sasa walikuwa wanalipita wakishusha sauti.

Mnunuzi wa Nairobi alikuja nikiwa nipo. Alikuwa mzee wa makamo, mnene, mpole, suruali imejaa vumbi la kutoka Sirari. Alipofunguliwa banda alivua kofia. Kisha akalala chini kabisa, shati jeupe na yote, akaingia uvunguni na tochi, akatoka na macho yamelowa.

"Mathe," akamwambia Nesi, "hii gari haijaguswa."

"Nimeigusa kila Jumamosi."

"Hapana, namaanisha iko vile ilitoka kiwandani. Namba ya injini na ya bodi ni zile zile. Rangi ni ile ile. Hizi zilizobaki kila mahali watu wamezibadilisha, wamezipaka rangi, wametoa injini. Hii ni kitu watu wanatafuta dunia mzima."

Nikamuuliza kwa nini watu watafute gari linalokunywa mafuta hivyo, lisiloweza hata kupita kijijini. Hakuchukia swali. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatueleza vizuri. Akasema gari za namna hiyo zilitengenezwa miaka michache tu, wakati mafuta ni rahisi na vijana wa Marekani wanataka nguvu. Halafu mafuta yakapanda, viwanda vikaacha. Nyingi zikagongwa, zikaoza, zikayeyushwa. Wale vijana waliozitamani wakiwa hawana kitu, sasa ni wazee wenye pesa, na kila mwaka zilizobaki ni chache kuliko mwaka uliopita. "Mimi mwenyewe," akasema, "nilikuwa naosha moja ya Mhindi fulani, Nairobi. Nilikuwa naiosha hadi ndani ya tairi. Hakuniruhusu kuketi ndani hata siku moja."

Nesi alimsikiliza kwa makini kama anavyosikiliza mgonjwa. "Kwa hiyo haliuzwi gari," akasema. "Unauzwa ujana."

"Karibu hivyo, mathe."

"Basi ingia ukae."

Yule mzee akaingia, akashika usukani kwa mikono miwili, akakaa pale muda mrefu. Alipotoka akataja bei. Mimi niliyesoma nilishindwa kuifunga midomo yangu. Ilikuwa bei ya ng'ombe wa kujaza boma na kubaki wengine nje. Nesi akamshukuru, akampa uji, akamwambia hauzi. Mzee akaacha namba yake kwangu, akaondoka bila kinyongo.

Nilimuuliza, "Mama, utalifanyia nini?"

"Nitalitazama. Wewe redio yako unaifanyia nini?"

Sasa lazima niseme habari za Wankuru.

Wankuru alikuja kwa Nesi akiwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na jino la mbele limetoka. Mumewe alikuwa mchimbaji huko Matongo, mtu wa kushinda kwenye mashimo ya dhahabu na kurudi nyumbani kutafuta wa kumlaumu. Wankuru alikuja kushonwa mdomo, kama wanawake wengi walivyoendelea kuja hata baada ya yeye kustaafu. Nesi akamsafisha, akampeleka zahanati akashonwa, akarudi naye nyumbani kwake akamwambia alale. Alilala, akaamka, akafagia uwanja, akabaki. Alikuwa mpishi mzuri na mcheshi jino lilipoacha kumuuma. Watoto wakaanza kumwita Nesi bibi, naye alilalamika kuwa wanampigia kelele, akawanunulia viatu.

Mumewe akaja. Kwanza alikuja kwa upole, halafu akaja na panga. Majirani wakamwondoa. Polisi wakamweka ndani kidogo, akatoka, akarudi. Safari hii alikuwa na hoja. "Mimi nilitoa ng'ombe. Mke arudi au ng'ombe warudi."

Ng'ombe hawakuwepo. Baba yake Wankuru alikuwa amewatoa kumwolea kaka yake Wankuru, na kaka alikuwa na mke na watoto kwa ng'ombe wale wale. Mkirudisha ng'ombe mnavunja nyumba ya pili. Kikao kikakaliwa ofisi ya kata, nami nilikuwa likizo, nikaenda na Nesi. Mtendaji akasema sheria ya serikali haimlazimishi mtu mzima kurudi kwenye kipigo. Wazee wakakubali, wakasema ni kweli, lakini ng'ombe? Baba yake Wankuru alikuwa amekaa pembeni anatazama miguu yake. Kisha nikamsikia Wankuru mwenyewe, sauti ndogo, akisema, "Basi nitarudi. Kaka asivunjiwe nyumba kwa ajili yangu."

Nilimtazama Nesi. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mpigie yule wa Nairobi."

Nilijua mara moja, na nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, unataka kumlipa mtu anayempiga mwanamke? Huyo ni wa kufungwa, si wa kupewa ng'ombe."

"Afungwe, nitafurahi. Akitoka?"

"Atafungwa tena."

"Na Wankuru atakuwa na meno mangapi?" Akakaa kitandani. "Robi, yule kijana ana neno moja tu mdomoni, ng'ombe. Ndiyo panga lake. Akishawapokea mbele ya watu, akiwahesabu mwenyewe, atakuja kusimama mlangoni kwangu aseme nini? Hata ndugu zake watamwona mwizi."

"Lakini gari lako, mama."

"Gari langu, ndiyo. Nimesema mpigie."

Mnunuzi alikuja na lori la kubebea magari. Karatasi za mpakani alishughulikia yeye. Bei haikushuka, hata aliiongeza kidogo bila kuombwa, na kwa hilo nitamheshimu daima. Nesi alimweleza mambo yote ya lile gari, kwamba mlango wa kulia unataka kuinuliwa kidogo, kwamba asubuhi ya baridi lisilazimishwe. Alivaa kitambaa chekundu siku hiyo, na siyo Jumapili. Lilipopandishwa loriani alisema anaenda kutazama maziwa jikoni. Jikoni hakukuwa na maziwa. Mimi na Wankuru tulisimama uani hadi lori likapotea kwenye kona, hakuna aliyemfuata Nesi jikoni.

Shemeji alifika jioni, mzee sana sasa, anashikwa mkono. Alisema gari lilinunuliwa kwa ng'ombe wa nyumba ya kaka yake, kwa hiyo ukoo una fungu.

Nesi akamwambia, "Shemeji, wewe ulisema ni bati. Nimeuza bati."

Yule mzee, nisilolitegemea, akaanza kucheka, na Nesi akacheka, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na safari hii akaketi akanywa uji.

Ng'ombe walirudishwa mbele ya wazee na mtendaji. Mume wa Wankuru aliwapokea, akawageuza kila upande akitafuta kasoro, hakuipata. Hakurudi tena. Kilichobaki cha pesa Nesi alikigawa. Zahanati ilipata kitanda kizuri cha kuzalia, baba yake Wankuru akapata mitamba, naye mwenyewe akabaki na akiba ya kumtosha. Itiryo nzima ikasema, haya, hatimaye Nesi ametoa ng'ombe, ameoa, ana mke na watoto. Shemeji alilisema hilo kwa furaha kubwa. Nesi hakulikanusha wala kulikubali.

Na kwa miaka miwili mitatu ilionekana hivyo. Kisha Wankuru akaondoka.

Hakukuwa na ugomvi. Mwanamke mmoja wa Sirari alitafuta mtu wa kushirikiana naye biashara ya kushona, Wankuru akamwambia Nesi, Nesi akasema sawa. Akachukua watoto wake na cherehani ambayo Nesi alimnunulia. Nilizisikia habari hizo nikiwa Issenye, mama ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa na uchungu kuliko ninavyoweza kueleza. "Ametoa kila kitu," alisema. "Gari hana, mtu hana."

Nilienda likizo iliyofuata. Nilimkuta Nesi amekaa kwenye benchi mlangoni, amekonda, ana mkongojo, amevaa gauni zuri la kutokea. Banda lilikuwa limejaa mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Ni vizuri."

Nilikuwa na picha kwenye simu, mnunuzi alinitumia. Gari lilikuwa kwenye maonyesho huko Nairobi, limeoshwa, halikupakwa rangi, watu wamelizunguka. Mnunuzi aliandika kwamba bei yake sasa imezidi mara nyingi ile aliyolipa, na kwamba kama Nesi anataka kuja kuliona atamlipia safari na hoteli. Nikamsomea. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama.

"Huyu pembeni ni yeye?"

"Ndiye."

"Amezeeka." Akanirudishia simu. "Mwambie asante. Mwambie asiliuze ovyo."

"Hutaki kwenda?"

"Leo nina safari nyingine. Naenda Sirari. Wankuru amepanga vyumba, anataka nikavione."

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama hakuumia, alipoondoka.

"Niliumia," akasema. "Nililala mchana kutwa, mama yako akadhani nina malaria. Halafu nikaamka nikachuma mboga, nikapika nyingi kama nilivyozoea, nikala peke yangu."

"Ungemwambia abaki, mama. Angebaki yule."

"Ningemwambia, angebaki." Akaweka mkongojo sawa, akaanza kuinuka. "Ndiyo maana sikumwambia."

Bodaboda aliyemwita alikuwa anaingia uani. Nilimsaidia kupanda. Alikataa kukaa upande kama wanawake wazee wanavyokaa, akapitisha mguu, gauni zuri na yote, akashika mabega ya dereva. Mkongojo nikaufunga nyuma kwa mpira. Yule dereva alikuwa kijana mwenye adabu, na alimwona ni mtu mzima sana, akageuza shingo.

"Bibi, nitaenda taratibu, usiogope."

"Wewe nenda," Nesi akamwambia. "Nikiogopa nitakwambia."